Barua ya Nne Kutoka Kushoto

Two Harbors, Minnesota
24 Septemba 2013

Dada Lempi,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya gari-nyumba, karatasi juu ya goti. Mgongo unauma, jino la nyuma linauma, mengine yote mazima. Na wewe, ule mguu? Najua utaanza na swali gani, basi nikujibu kabla hujauliza: ndiyo, nilipita. Kutoka kambi ya watalii kule Wisconsin nilikosafisha vyoo tangu Mei, kuja hapa, kona ya kuingia kwako Toivola ilikuwa mwendo wa saa mbili tu nje ya njia yangu. Niliiona kwenye ramani nikatazama pembeni. Sina uongo wa kukupa.

Ningekupigia, lakini sikio lako na simu yangu ni vipofu wawili kuongozana.

Niko na Verlin, yule wa Arkansas. Injini ya gari lake ilikufa Agosti, akahamia kwangu na kikaango chake na maneno yake yote. Tunakwenda North Dakota kuvuna viazi vya sukari, vile vya kiwandani. Jana mkanda wa injini yangu nao ukakatika, wa dukani wakasema subirini hadi kesho. Basi tukapata siku nzima isiyo na mwenyewe. Mimi sijawahi kuwa nayo tangu Mei, sikujua hata niishike upande gani.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa tangu alfajiri. Hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Meli moja ya madini ya chuma ilikuwa gatini ikipakia, ila ilionekana nusu, kama mtu ambaye mchoraji amesahau kumchora miguu. Verlin akasema, "Mzee, tazama pale, makumbusho ya meli. Twende tukaote joto la bure."

Mlangoni akatupokea mama mmoja mwenye nywele nyeupe.

"Futeni buti. Hapa si zizini."

"Mwenye matope ni huyu, mama," Verlin akasema akinionyesha. "Mimi huwa natembea hewani."

"Basi hewa yako imenichafulia zulia."

Anaitwa Ardis. Mumewe na kaka zake wote walikuwa mabaharia. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata mtumbwi. Anasema anatapika akiona maji kwenye beseni.

Dada, ndani ya nyumba ile nilitembea kama mtu aliye usingizini. Meli ndogondogo za mbao zimening'inizwa darini kwa nyuzi, na upepo wa mlango unazitikisa kidogo. Katikati kuna taa kubwa ya mnara wa zamani wa kuongozea meli, ya vioo vitupu, inazunguka polepole, na vipande vya mwanga vinaogelea ukutani. Nikasimama chini ya meli zile nikitazama matumbo yake. Nikawaza: hivi ndivyo Baba anavyoziona kutoka kule chini. Sikuhuzunika hata kidogo. Ilikuwa kama kukaa naye kwenye benchi tukitazama magari yanayopita.

Halafu nikaiona ndoo. Unakumbuka uliponisimulia? Kwamba kule mtoni, kati ya ziwa na ziwa, mashua ya barua huja ubavuni mwa meli, meli haisimami, mabaharia wanashusha ndoo kwa kamba na barua zinapanda. Nilidhani ni hadithi ya kunilaza. Ipo, ya bati, na kamba yake. Chini yake, ndani ya kioo, bahasha saba. Kadi inasema ni barua walizoandikiwa mabaharia wa meli Harlan Voss, zilizofika kwenye mashua ya barua baada ya meli kuzama, tarehe 19 Novemba 1957. Mtu wa mashua hakuwa na moyo wa kuwarudishia wajane barua zao wenyewe. Akazifungia kwenye kopo la biskuti, zikakaa humo mpaka mjukuu wake alipozileta hapa mwaka huu.

Ya nne kutoka kushoto: Urho Kangasniemi, baharia, meli Harlan Voss.

Nilijua mwandiko kabla sijasoma jina. Ile r yako inayoinua mguu kama mbwa kwenye nguzo. Mpaka leo unaiandika hivyohivyo. Na haijafunguliwa, Lempi. Gundi yake haijaguswa.

Nilipiga goti sakafuni, pua kwenye kioo. Ardis akaleta kiti, akauliza, "Ni wa kwenu?"

"Baba yangu. Mwandiko ni wa dada yangu. Mama mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa na mashine ya kukamulia nguo, kwa hiyo yeye alisema na dada akaandika."

"Dada alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na wewe?"

"Mitano. Mimi kazi yangu ilikuwa kulamba stempu."

Akanipa leso, huku akiniambia kwamba leso ile hairudishwi. Anasema barua ni mali ya familia, ila anahitaji saini ya mtoto wa kwanza kabla ya kutoa chochote kwenye kioo. Basi andika mistari miwili tu: mimi Lempi, mtoto wa kwanza, naruhusu. Tukimaliza viazi nitarudi hapa, nitaifungua, nitanakili neno kwa neno na kukuletea. Miaka hamsini na sita! Sauti ya Mama imo mle ndani, haijapumua hewa ya mtu.

Niandikie kwa Posta ya Hillsboro, North Dakota. Wataniwekea mpaka nifike dirishani.

Mdogo wako,
Arvo


Toivola, Michigan
29 Septemba 2013

Arvo,

Barua yako imefika. Mguu si habari ya kuandika. Viazi nimeshachimba, magunia manne. Kabeji sungura wamekula, nami nimemla sungura mmoja, tuko sawa.

Sitasaini.

Barua ya maiti ni ya maiti. Yule mtu wa mashua alikuwa na akili kuliko ninyi nyote. Alijua kuna vitu vya kufunika. Mwambie huyo mama aitoe kwenye kioo aiweke mahali pa giza. Ulikuwa mtoto wa kulamba stempu, umesema mwenyewe. Hujui unachoomba.

Na ile kona haijahama. Tangu tumzike Mama, miaka kumi na minane, unaizunguka kama kisima kisicho na mfuniko. Leo ghafla una haraka ya familia.

Nimetia soksi mbili. Vaa zote kwa pamoja, matope ya kule ni baridi.

Lempi


Hillsboro, North Dakota
5 Oktoba 2013

Dada,

Ni mapumziko ya chai. Nasimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku chini ya mashine inayorundika viazi, malori yanakuja kama mchwa, na lundo limeshakuwa refu kuliko kanisa letu. Mikono yangu haikunjiki vizuri, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nimekasirika, nakwambia wazi. Umemficha Baba kwangu siku zote. Wewe una sauti yake, una harufu yake, unajua alivyokohoa. Mimi nina koti moja lililoning'inia nyuma ya mlango. Sasa pametokea kipande kimoja kidogo na hicho nacho unakikalia.

Unakumbuka Mama kila Novemba? Anafunika kikombe cha Baba mezani, mdomo chini, halafu anasema maneno yale yale: "Nilimwita. Hakuja." Hasemi zaidi. Mimi nililelewa na maneno hayo kama wengine wanavyolelewa na uji. Nilijua kwamba wenye miaka kumi kazini waliruhusiwa kushuka kabla ya safari ya mwisho, na Mama alimwandikia ashuke, naye akachagua meli. Nikasema basi, hiyo ndiyo damu yetu. Sisi wanaume wa Kangasniemi tukiitwa hatuji. Mke wangu aliponiacha alisema hivyo hivyo, na nikampa haki. Kwa nini unadhani naiogopa kona yako?

Sasa nisikilize. Bahasha imefungwa. Hakuitwa, Lempi! Mama alisema, wewe ukaandika kama ulivyoambiwa, na neno halikufika. Baba hakukataa. Mama hakukataliwa. Siku tatu hizi nabeba viazi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia njiani akasahau alikuwa nalo.

Nataka kulisoma neno hilo la kumwita. Nisimame ziwani nilisome kwa sauti, walau mara moja. Unanizuia kwa lipi?

Honi imelia, narudi.

Arvo


Hillsboro
13 Oktoba 2013

Dada,

Mvua siku ya nne. Malori yamezama hadi ekseli, mavuno yamesimama. Tumekaa ndani ya gari-nyumba, matone juu ya bati, upepo unatutikisa, na Verlin kila baada ya muda anatangaza kwamba nchi kavu imeonekana. Nimeenda posta kila siku. Yule dada wa dirishani ananiona kwa mbali anatikisa kichwa: "Bado, mpenzi."

Verlin anasema nikuombe radhi. Kwa kosa gani sijui, lakini nakuomba.

Soksi zina joto.

Arvo


Toivola
18 Oktoba 2013

Arvo mdogo wangu,

Usiniombe radhi. Nimeanza barua hii mara tano, na karatasi zote zimeishia jikoni kwenye moto. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Unakumbuka chumba cha chini kilikuwa kimoja tu chenye jiko. Baba akiwa melini, nililala na Mama pale, upande wa ukuta wa joto, na wewe katikati yetu ukipiga mateke. Baba akirudi majira ya baridi meli zikiwa zimefungwa, mimi nilipandishwa darini. Wewe mdogo ulibaki. Darini misumari ya paa ilikuwa imetokeza ndani, na kila ncha ilikuwa na theluji yake. Nikiamka nakuta ncha hizo nyeupe juu ya uso wangu, mamia, kama nyota zilizokosea njia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilimchukia kwa ajili ya hiyo misumari. Hakunipiga, hakunitukana. Alirudi nyumbani, basi, na nikapoteza upande wa ukuta.

Siku ile Mama aliketi na mkono wake uliofungwa, akasema kwa Kifini chetu cha nyumbani, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Unajua ilivyokuwa. Shuleni tulichapwa kwa kusema Kifini, herufi nilizozijua ni za mwalimu. Baba Kiingereza alikijua cha melini. Mama hakujua kusoma hata neno lake moja. Aliniamini kalamuni kama anavyoamini mtu mkono wake mwenyewe.

Alisema maneno ya kumwita. Ninayakumbuka yote.

Mimi niliandika: "Mama anasema sisi ni wazima. Maliza safari ya mwisho. Hakuna haja ya kuharakisha kuja nyumbani."

Nikamsomea kwa Kifini yale aliyoyasema yeye. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Wewe ukalamba stempu.

Siku tatu baadaye meli haikuwepo.

Kila Novemba alipofunika kile kikombe nilikuwa nimesimama pale na sahani mkononi. "Nilimwita. Hakuja." Arvo, alimwita kupitia kwangu mimi. Miaka thelathini na minane nilikuwa na neno moja la kumwambia nikalimeza kila siku. Nilidhani Baba aliisoma. Nilimwona hasa, amekaa kwenye kitanda chake cha melini, anasoma, anakunja karatasi, anasema haya basi, kama hawanitaki. Nimemwona hivyo tangu nilipokuwa mtoto mpaka ilipofika barua yako ya Septemba, na niliposoma kwamba gundi haijaguswa niliurudia mstari huo mara kumi. Halafu ukaandika kwamba utafungua.

Saini yangu imo ndani, kwenye karatasi ya pili. Fungua. Isome ziwani ukitaka. Ukimaliza huna haja ya kuniandikia tena, nitaelewa.

Lempi


Two Harbors
28 Oktoba 2013

Dada Lempi,

Nilikasirika siku mbili, na sikuandika kwa sababu hiyo. Mama alikufa akiamini amekataliwa. Hilo ni zito, sitakudanganya kwamba ni jepesi.

Siku ya tatu nikamsomea Verlin barua yako, maana nisingeweza kukaa nayo peke yangu kwenye chumba cha ukubwa wa kabati. Aliondoa kikaango motoni. Kisha akasema, "Mzee, yaani mtoto wa miaka kumi na mmoja amezamisha meli ya futi mia sita kwa penseli? Hiyo penseli ndiyo ya kuwekwa makumbusho."

"Si mzaha, Verlin."

"Nani anafanya mzaha? Umesema mwenyewe gundi haijaguswa. Kama angeandika ukweli, ukweli ungekaa wapi?"

Nikasema, "Kwenye kopo la biskuti."

"Basi," akasema, akaendelea kukaanga mayai.

Lempi, sijui kusema vizuri kuliko mkaanga mayai. Ungeandika uongo, ungeandika ukweli, ungeandika orodha ya kabeji, Baba asingeiona. Alikwenda safari ile kwa sababu zake, au za nahodha, au hakuna sababu. Yule mtu uliyemwona ameketi kitandani anakunja karatasi hajawahi kuwepo. Mwache ashuke melini sasa.

Viazi vimekwisha. Leo nilimpa Ardis saini yako. Akafungua kioo kwa ufunguo wa shingoni, akanipa bahasha kwa mikono miwili.

"Utaifungulia hapa?" akauliza.

"Sitaifungua."

"Miaka yote hiyo, na hutaki kujua?"

"Nimeshajua. Mwandishi ameniambia."

Nilikwenda nayo mpaka penye mawe. Ukungu tena, na ile taa ya vioo ikizunguka nyuma ya dirisha, kwa hiyo kila mara ukungu uling'aa kidogo kisha ukasahau. Bahasha ni nyepesi, haifikii uzito wa soksi yako moja. Nikaiinua penye mwanga nikaona kivuli cha mistari, mistari mitatu mifupi, sikusoma. Meli ikatoka gatini ikapiga honi, tatu ndefu, mbili fupi, ile salamu yao. Sikuweza kuiona. Ilipita tu mahali fulani ndani ya weupe, kubwa kama mtaa, na nikainua mkono wenye bahasha kama mjinga.

Ninaileta kwako. Utaamua wewe. Ardis anasema mahali pa nne kutoka kushoto pamebaki wazi na hapendi pengo, na kila tarehe 19 Novemba wanapiga kengele kwa ajili ya Harlan Voss, jina kwa jina. Anasema, "Mlete huyo dada. Mwambie nina leso nyingi."

Kwa hiyo nataka ufanye kazi moja kabla ya hapo. Andika aliyoyasema Mama. Yale yenyewe, kwa Kifini. Kama utakosea herufi usijali, Baba amezoea kusubiri.

Verlin namshusha Duluth kwa binamu yake, amekuachia kikaango. Jumamosi nakata ile kona. Nitafutie sehemu tambarare karibu na sauna, pale tulipokuwa tukioga mvuke, maana gari-nyumba linavuta upande wa kushoto.

Arvo


Toivola
16 Novemba 2013

Urho,

Huyu ni Saima mkeo anasema, na Lempi anaandika.

Usiende safari ya mwisho. Nimesikia wenye miaka kumi wanaruhusiwa kushuka, na wewe unayo kumi na miwili. Shuka. Pesa za Novemba tutaishi bila hizo, viazi vipo, ng'ombe anakamuliwa hata kwa mkono mmoja. Bawaba ya mlango wa sauna imelegea na sitaki mwingine aitengeneze. Mtoto ameshasahau sura yako. Juzi alimwamkia mchukuzi wa barua akamwita baba, nikacheka mpaka nikalia. Mkono unapona. Usiku nasikia ziwa hata kama halilii. Njoo nyumbani, Urho. Ninakuita.

Saima

Mimi Lempi naongeza langu. Ile barua ya kwanza haikuwa nzuri, Arvo ameiwashia moto wa sauna leo, na hii ndiyo itakayokaa mahali pake kwenye kioo. Bawaba ametengeneza. Anakoroma upande wa ukuta wa joto.

Njoo tu, Baba. Darini nitapanda mwenyewe.